Mlezi Aliyekataa Kuachia

Vijana wa maabara wameniomba niwaandikie machache kabla hawajanisahau. Nimekaa mezani tangu asubuhi. Katika muda huo nimenyanyuka kuangalia maharage, nimekwenda kufunga bomba lililokuwa limefungwa, na nimemfukuza kuku asiye na kosa lolote. Kustaafu bado sijakuzoea. Watu wa hapa Bariadi wakinikuta sokoni wananiambia, "Sasa unapumzika, Mama Sayi," nami naitikia kwa adabu huku miguu imeshaanza kuondoka. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka, hazikuwa ndefu. Nataka kuandika juu ya kazi, na hasa juu ya kipimo kimoja mnachokitumia kila wiki bila kujua kilipita wapi kabla ya kufika mikononi mwenu. Ndicho kinachoninyanyua kitini.

Nilianza kazi nikiwa binti, nimetoka Zagayu na sanduku la bati na viatu vya kuazima. Maabara yetu ya mifugo wakati huo ilikuwa vyumba viwili na friji ya mafuta ya taa. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Maduhu, fundi wa maabara aliyekuwa na sauti ya kuita ng'ombe hata alipoomba chumvi. Siku ya kwanza alinipa kreti la mirija ya damu nioshe. Nikaosha. Akachukua mmoja, akaunusa, akaurudisha ndani ya beseni.

"Umeosha kama vikombe vya chai," akasema. "Humu anaingia ng'ombe wa mtu. Rudia."

Nilirudia mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana. Nilimchukia mpaka saa ya chakula, kisha akanigawia matobolwa yake, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, chuki ikakosa pa kukaa. Alinifundisha kupunguza utambi wa friji ili isifuke moshi, kupima joto kwa kipimajoto na siyo kwa kiganja, na kupima ugonjwa wa kutupa mimba, ule ambao wataalamu huuita brusela. Unadondosha majimaji ya damu kwenye kigae cheupe, unadondosha rangi ya waridi juu yake, unatikisa taratibu. Vikitokea vichenga vichenga kama maziwa yaliyokatika, ng'ombe ana ugonjwa. Ng'ombe huyo hutupa ndama, na mtu anayekunywa maziwa yake bila kuchemsha hupata homa ya kwenda na kurudi, viungo vinamuuma mpaka anadhani amerogwa. Huko kwetu ng'ombe wa namna hiyo hatibiwi, anachinjwa, tena kwa uangalifu. Kwa hiyo kila jibu tulilotoa lilikuwa na kisu nyuma yake.

Mzee Maduhu alistaafu, akafariki, maabara ikapata umeme wa uhakika, kompyuta, na mwishowe ikapata Dokta Shija. Huyu alikuwa mtaalamu kijana aliyesomea nje, mwenye haraka kuliko mimi, jambo ambalo sikudhani linawezekana. Ile rangi ya waridi tulikuwa tunaiagiza mbali. Inafika imechelewa, na nyingine inafika imeshaharibiwa na joto la njiani. Dokta Shija akasema tutatengeneza kipimo chetu hapa hapa. Tungechukua protini moja ya bakteria wa brusela, tukaipandikiza mbegu yake, yaani kinasaba chake, kwa bakteria mwingine asiye na madhara, E. koli wa maabara, naye atutengenezee protini hiyo kwa wingi. Kisha tungeipaka kwenye sahani yenye visima vidogo. Damu ya ng'ombe mgonjwa itaitambua protini ile, na kisima kitageuka njano. Damu ya mzima itapita na kisima kitabaki kama maji. Kazi ya mezani akapewa Limi, binti wa Nassa aliyekuwa anasomea shahada ya pili, mwenye tabia ya kuuliza swali kisha kukutazama mpaka umjibu. Mimi nikawekwa naye, kwa sababu nilikuwa najua kila kitu kilipo na kila kinachovuja.

Protini ilitugomea. Protini ikitoka kutengenezwa ni kamba ndefu tu. Lazima ijikunje mpaka ipate umbo lake, ndipo iwe na kazi. Ukimharakisha bakteria aitengeneze kwa pupa, kamba zinanasana zenyewe kwa zenyewe, unakuta mabonge meupe chini ya mrija yasiyofaa hata kwa chambo. Tulipunguza joto, tukabadilisha chumvi, tukamwacha bakteria afanye kazi polepole kwenye baridi. Mabonge. Nilikuwa nikiinua ule mrija dirishani na kusaga meno, na Limi ananiambia, "Mama, hata ukiukazia macho haitajikunja."

Bakteria wenyewe wana njia yao. Ndani yao zipo protini ambazo kazi yake ni kuzishika kamba zisizokunjika ili zisinasane. Mashuhuri katika hizo ni DnaK. Dokta Shija aliiita mlezi, na jina hilo lilimkaa vizuri. DnaK ana wenzake wawili, DnaJ na GrpE, ambao vitabu huwaita wasaidizi wa mlezi. Hapo ndipo neno lilipotuponza. Ninyi mnajua msaidizi ni nani katika ofisi zetu. Ni yule anayetumwa kuleta viti, na gari likijaa ndiye anayeshuka. Basi ulipofika wakati wa kuagiza vinasaba vya kumwongezea E. koli wetu walezi, Limi aliuliza kama hatuagizi na vya wale wawili.

"Tuanze na bosi," Dokta Shija akasema. "Wasaidizi watafuata."

Hakuna aliyeona ajabu, maana ndivyo mambo yanavyokwenda kila mahali. Limi alimtazama mpaka akachoka kutazama.

Tukamwongezea bakteria vinasaba vya mlezi, na mabonge yakaisha. Protini ikabaki kwenye maji, safi kwa macho. Nilipiga vigelegele mle ndani hadi mlinzi akaja kuchungulia. Kwa kujaribia sahani tulikuwa na damu za mfano zilizoletwa kutoka Ulaya, ya ng'ombe mgonjwa na ya ndama mzima. Mgonjwa akageuka njano, ndama akabaki kama maji. Dokta Shija akasema kipimo kimepita, twende kwa wafugaji.

Tukaenda Lingeka kwa Mzee Jilala, ambaye alituita mwenyewe baada ya mimba kutupwa zizini kwake zaidi ya mara moja. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, anayesema Kisukuma na ng'ombe na Kiswahili na serikali. Hakuwa na duka wala shamba kubwa la pamba. Alikuwa na zizi, na zizi hilo ndilo lililosomesha watoto wake, likawaoza na kuwalisha. Alitukabidhi wanyama wote bila kuficha hata ndama. Kwake kulikuwa na kibanio, ile njia nyembamba ya magogo inayomtosha ng'ombe mmoja. Wanawe walikaa nyuma, wanaswaga ng'ombe aingie, wanambana kwa gogo. Mzee mwenyewe alisimama mbele. Nikishavuta damu na Limi akishasoma namba ya hereni ya sikioni, mzee anavuta gogo la mbele, ng'ombe anatoka, mwingine anaingia. Kuna wakati mkewe alimwita ndani. Ng'ombe aliyekuwa kibanioni akabaki amebanwa, analia, na wote nyuma yake wamesimama wanasukumana, mpaka mzee aliporudi akikimbia na kutuomba radhi.

Majibu yalikuwa njano sahani nzima. Niliikagua kisima kwa kisima. Wakubwa njano, madume njano, ndama wa juzi njano.

"Dokta," nikasema, "hata mmoja mzima hakuna? Zizi zima?"

"Mama Sayi, kipimo kimepita. Uliona mwenyewe."

"Nimeona. Sijaridhika. Tusimwambie kwanza."

Akakuna shingo. "Nimeshampigia. Watu wanakunywa maziwa pale kwake, ningenyamaza vipi?"

Hasira niliyokuwa nayo haikuwa na mahali pa haki pa kwenda. Alifanya kwa nia njema. Nia njema yenye simu mkononi ni kitu cha kuogopa.

Nilianza kupima kila damu niliyoweza kuipata. Limi akaleta ya ng'ombe wa kwao Nassa, zizi ambalo kipimo cha waridi kilikuwa kimeliona safi mwaka baada ya mwaka. Njano. Nikavuta damu ya mbuzi wangu wa nyumbani, ambaye ugonjwa wake pekee ni ulafi. Njano. Hapo hata Dokta Shija alikaa chini. Limi alikwenda kuipitisha ile protini yetu safi kwenye jeli, mahali ambapo protini hujipanga kwa ukubwa wake, kila moja mstari wake. Tulitarajia mstari mmoja. Ikatoka miwili: wetu, na juu yake mwingine mnene.

"Mama," Limi akasema, "mlezi bado yumo. Amemshika mtoto hajamwachia."

Hayo ndiyo yaliyotokea. Tulidhani protini imejikunja, kumbe haikunasana kwa sababu tu ilikuwa imebebwa. Tulipoipaka kwenye sahani tuliwapaka wote wawili. Na ng'ombe wa Simiyu, anayelala kwenye matope na samadi, anaishi na E. koli tangu azaliwe. Damu yake inamfahamu mlezi yule kama jirani. Ilikuwa inamtambua mlezi, siyo ugonjwa. Ndama wa Ulaya alilelewa kwenye usafi, hakuwahi kukutana naye, ndiyo maana alitudanganya kwa kukaa kimya.

Nikamwambia Limi anieleze wale wasaidizi tena, polepole, bila vitabu. Akauchukua mkono wangu wa kulia akaufanya ndio mlezi. Mlezi hutumia chembe ya nguvu inayoitwa ATP. Akiwa na chembe mbichi, kiganja kiko wazi. Kamba inaingia na kutoka inavyotaka. DnaJ ndiye anayemletea kamba, na ndiye anayemfanya aiunguze ile chembe, hapo kiganja kinafumba. Sasa majivu yamebaki ndani, kiganja hakifunguki. GrpE anakuja, anayatoa majivu, chembe mpya inaingia, kiganja kinafunguka, kamba inatoka ikajaribu kujikunja yenyewe. Ikishindwa, inaletwa tena. Sisi tulijaza walezi bakteria mzima, lakini wale wawili walibaki wachache wale wale aliozaliwa nao. Na tulipompasua bakteria kutoa protini, ATP ikaisha. Viganja vimefumba, wa kuvifungua hayupo.

"Hao siyo wasaidizi," nikasema. Nilikuwa nimeshasimama. "Hao ndio wenye kibanio. Mmoja anaswaga na kubana, mwingine anafungua mbele. Huyo bosi wenu ni magogo tu!"

"Na mfunguaji aliitwa na mkewe," Limi akasema, akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka, maana sote wawili tulikuwa tumemkumbuka Mzee Jilala.

Majina mnayoyatumia hapo maabara, Mswagaji na Mfunguaji, yalitoka siku hiyo. Mlidhani ni utani wa wazee. Neno "msaidizi" nililipiga marufuku kwenye meza yetu, na Dokta Shija akakubali bila ubishi, jambo lililonifanya nimheshimu. Wala msidhani kwamba ukimjaza Mfunguaji ndiyo heri. Tulijaribu. Akizidi, anafungua kabla kamba haijashikwa sawasawa, mabonge yanarudi. Wanatakiwa wote watatu kwa kiasi chao, na kiasi chenyewe mnakikuta kwa kurudia, siyo kwa kusoma. Tena kabla ya kuitoa protini kwenye safu ya kuchujia, ioshwe kwa ATP, mlezi aachie, aondoke na maji. Kijana atakayeruka hatua hiyo kwa sababu maji yanaonekana safi, nitajua, hata nikiwa hapa kwangu na kuku wangu.

Kusubiri vinasaba vya wale wawili kulinimaliza. Nilifagia maabara iliyokwisha fagiwa. Nilimpigia simu mtu wa vifurushi mpaka akaacha kupokea. Mzee Jilala tulikuwa tumempigia kumwambia asifanye lolote kwanza, simu haipatikani. Tukatuma ujumbe kwa mtu anayekwenda upande ule, na mtu akarudi akisema hakumkuta. Nilijituliza kwamba mfugaji hauzi zizi haraka. Nilijituliza vibaya.

Vinasaba vilipofika tulianza kazi siku hiyo hiyo. Jeli ikatoka na mstari mmoja. Sahani mpya: ng'ombe wa Nassa kama maji, mbuzi wangu kama maji. Tukaweka damu za zizi la Mzee Jilala, na Limi alinishika kiwiko wakati visima vinaamua. Vyote kama maji, isipokuwa kimoja, njano kama kiini cha yai. Tukarudia. Kile kile kimoja. Tukarudia kwa waridi pia, iliyokuwa imetufikia siku zile, vichenga kwa yule yule. Nikaisoma namba ya hereni yake mpaka ikakaa kichwani.

Dokta Shija akashika simu ajaribu tena. "Simu zimetosha," nikamwambia, nikatoka kutafuta bodaboda. Njia ya Lingeka ilikuwa na tope jeusi la mbugani, linalokamata tairi kama lina deni nalo, na mara kadhaa mimi na kijana wa bodaboda tulishuka kusukuma. Sikujali. Nilikuwa na furaha, niseme ukweli. Nilikuwa nakwenda kumrudishia mtu ng'ombe wake.

Zizi lilikuwa kimya. Majani yalikuwa yameanza kuota pale penye kwato.

"Mwadila, baba," nikamsalimu Mzee Jilala kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu," akaitikia, yaani mama. "Kiti hicho, kaa."

Sikukaa. "Ng'ombe wako machungani?"

"Ng'ombe gani tena? Si mlinipigia." Alisema bila ubaya. "Niliwapeleka mnadani nikasema wazi hawa ni wagonjwa, ni wa machinjio tu. Sikutaka mwenzangu anunue akafuge. Walichukua kwa bei ya kutupa."

Nilimwambia. Nilitaka kulizungusha, mdomo ukakataa. Nikasema kipimo kilikosea, kilikuwa kinashika kitu kingine, ng'ombe wake walikuwa wazima. Alipangusa uso kwa kiganja, akaangalia zizi, akapangusa tena.

"Wote?"

"Wote, baba, isipokuwa mmoja."

Akaenda kuegemea gogo la kibanio. Kisha nikaona kitu kinamjia usoni ambacho sikukitegemea, kama mtu aliyepata mahali pa kukanyaga.

"Basi huyo mmoja amekwenda na wenzake," akasema. "Mimi sikuwamaliza, mayu. Mmoja nilishindwa. Tulifika naye hadi mnadani, nikarudi naye. Nikasema serikali itanisamehe huyu."

Akaenda nyuma ya nyumba. Akarudi anamwongoza ng'ombe jike mkubwa, mwekundu, aliyekuwa anatafuna taratibu. "Anaitwa Wabeja. Asante, kwa Kiswahili. Zizi lote lilitoka tumboni mwake. Nitaanza upya kwa huyu, au siyo? Kumbe moyo wangu uliniambia kweli."

Nilimsogelea Wabeja. Nilimgeuza sikio. Namba ilikuwa ile niliyokuja nayo kichwani.

Nilisoma mara ya pili, na ya tatu, kama vile hereni inaweza kujisahihisha. Nyuma yangu Mzee Jilala alikuwa bado anaongea, anasema ana mimba, anasema safari hii haitatoka.

"Baba," nikasema, "maziwa yake mnayachemsha?"

Akaacha kuongea. Hakuuliza namba. Hakuuliza kipimo gani, wala tulirudia au hatukurudia, ingawa nilikuwa na majibu yote hayo na nilitamani aniulize hata moja. Aliivuta kamba kidogo, akaitazama pale ilipojiviringa mkononi mwake, akaanza kuiviringua.

"Mimi huyu nimeshashindwa kumwachia," akasema. "Shika wewe."

Nikaipokea kamba. Wabeja akanifuata bila kuvutwa.